Folda ya KESHO KUTWA: laibrari ya muvi nyuma ya soko la Mwanga, Kigoma

Wadau wa Kigoma mjini, kama una flashi imekaa tu nyumbani haina kazi ichukue uende nayo Mwanga, nyuma ya soko, kuna laibrari ya muvi ndogo tu ya mlango mmoja, ukutani dogo wa pale amebandika makava ya zamani yameshapauka kwa jua. Mi ni mteja pale karibu mwaka sasa na wiki iliyopita nimemaliza folda nzima ninayoipenda kuliko zote, nikaona niandike maana duka lile watu wanalipita kama hawalioni, wanakwenda kujaziwa tamthilia za Kikorea na Kituruki sehemu zingine wakati pale kuna hazina imelala.

Utaratibu wake ni rahisi, muvi moja mia tano, ukichukua kumi anakuongezea moja bure, tamthilia zina bei yake sijawahi kuuliza. Unakaa kwenye benchi, dogo anakugeuzia kioo cha kompyuta unachagua mwenyewe. Siku ya kwanza nilitoka kazini moja kwa moja, nina ovaroli, akaniuliza "fundi unataka za kivita, za mapenzi au za kichawi?" nikamwambia nataka zile za miaka ijayo, zile za vyuma na vumbi, zile zilizotengenezwa kwa hela ndogo. Hakucheka. Akafungua folda ameiandika KESHO KUTWA kwa herufi kubwa, ndani muvi 43, akanambia "hizi nazikusanyaga mwenyewe fundi, hakuna anayeziulizia". Hapo hapo nikajua nimefika.

Anayezijua hizi muvi ananielewa. Inaanza na maandishi ya mwaka fulani, sauti nzito inakwambia dunia imeharibika, ama mafuta yameisha ama ugonjwa umepita ukafagia watu, miji imebaki magofu. Halafu unamwona jamaa mmoja anatembea peke yake kwenye kiwanda kilichokufa. Maadui wana mapikipiki, wamejipaka masizi usoni, mabegani wamejifunga vipande vya tairi. Kuna mtu ana mkono wa chuma. Kuna mwanamke au mtoto amebeba siri na lazima afikishwe mji wa mbali akiwa hai. Hadithi ndo hiyo, zilizobaki ni ngumi na mateke mpaka kunakucha.

Watu wazima wanazionea aibu hizi. Ukiulizwa unapenda muvi gani unataja zile kubwa zilizotumia mamilioni ya dola, hizi unaziangalia usiku watoto wakishalala. Mimi nimeishi hivyo miaka mingi, mtu akibisha hodi naweka taarifa ya habari. Sasa nimeacha, na kilichonifanya niache ni kazi yangu ya kuchomelea. Nashinda na grenda na bomba la skwea, natengeneza mageti na madirisha, chuma nakijua kwa macho na kwa sauti. Kwa hiyo nikikaa mbele ya hizi picha naona kitu ambacho pengine mwenzangu hakioni, naona mkono wa fundi. Naona pale mtu alipokosa hela akatumia akili. Kwenye muvi ya hela nyingi huwezi kuona hicho, kila kitu kimelainishwa, hujui wapi mtu alihangaika.

Chukua ile ya 1981 ya John Carpenter, Escape from New York, iko ya tano kwenye folda. Hadithi inasema mwaka 1997 kisiwa cha Manhattan kimegeuzwa gereza, steringi anatumwa kuingia kumtoa rais. Anaingia usiku na ndege isiyo na injini, mbele yake kuna kioo kinamwonyesha majengo ya mji kwa mistari ya kijani, kama kompyuta inachora. Enzi hizo kuchora vile kwa kompyuta kulikuwa ghali mno kwao, sasa wakafanyaje? Walikuwa na modeli ya mji, majengo madogo madogo ya kutengeneza kwa mkono, wakaipaka rangi nyeusi yote, halafu kwenye kila kona ya jengo wakabandika tepu inayong'aa ukiimulika, wakapitisha kamera katikati yake. Basi. Ndo hiyo kompyuta unayoiona. Mi nilipolijua hili nikarudisha kile kipande mara nne, najua kila mstari ule ni tepu imekatwa na mkasi na kunyooshwa kwa kidole na mtu mwenye subira, na bado naona kompyuta! Na magofu yake hawakuyajenga, walikwenda St. Louis ambako moto wa 1976 ulishaacha mitaa imeungua, wakaomba taa za mtaani zizimwe usiku wakapiga picha. Sisi tuliokulia Kigoma ya majenereta ya dizeli, umeme ukikatika mtaa mzima unakuwa sura nyingine kabisa, unajua giza linavyoweza kugeuza mji uleule ukawa wa kutisha bila kuongeza tofali hata moja.

Au Mad Max, ya Australia, 1979. George Miller aliyeiongoza alikuwa daktari, alifanya kazi ya dharura hospitali anapokea watu wa ajali, ndo maana ajali za mle ndani zinauma, hazifanani na ajali za maonyesho. Hela ilikuwa ndogo, dola kama laki nne hivi za kwao. Sasa sikilizeni, ile gari ya bluu inayosambaratishwa mwanzoni kabisa ni gari ya mwenyewe Miller, na ni Mazda Bongo! Gari tunayoijua. Mtu mwenye muvi yake anatoa gari yake anayoendesha inagongwa ili kipande kipatikane. Hata zile nguo za polisi, ngozi ya kweli alivaa Mel Gibson, wengi waliobaki walivaa za plastiki maana hela haikutosha. Nimeangalia tena kwa jicho la kutafuta, ukitulia unaona mng'ao wake haufanani, lakini wakikimbiza gari humjali tena nani kavaa nini.

Ila mfalme wa hii folda kwangu mimi ni Cyborg ya 1989, Van Damme akiwa bado kijana, imeongozwa na Albert Pyun. Hii nilishaiona utotoni Ujiji na nimeiona tena mwezi huu, nataka niiongelee taratibu.

Ilivyozaliwa tu inatosha kukufanya uipende. Kampuni ya Cannon ilikuwa inajiandaa kutengeneza muvi mbili kubwa, moja ya Spider-Man na nyingine muendelezo wa He-Man, mavazi yakashonwa, majengo ya kuigizia yakaanza kujengwa, halafu mipango yote miwili ikafa, hela imekwisha. Zikabaki mbao, vyuma na mavazi yasiyo na muvi. Pyun akatunga hadithi ya kuvitumia. Yaani hadithi ilikuja baadaye, mabaki yalitangulia. Kama laki tano za dola ndo zilizotumika, na kule Marekani peke yake ikaingiza kama milioni 10. Mimi nina rundo la mabaki nyuma ya banda langu, vipande vya flati baa, nondo za futi moja moja, karatasi za chuma zilizobaki kwenye mageti ya watu, na kila fundi anajua kuna siku unasimama mbele ya lile rundo unaliangalia mpaka linakwambia lenyewe linataka kuwa nini. Nimeshatoa jiko la mkaa humo, nimetoa stendi ya maua, nimetoa kitanda cha mtoto wangu wa pili. Kwa hiyo nikiangalia Cyborg naangalia mtu aliyesimama mbele ya rundo.

Na majina! Steringi anaitwa Gibson Rickenbacker, adui mkuu anaitwa Fender Tremolo, karibu majina yote mle ni ya magitaa na vyombo vya muziki. Utotoni sikujua, nilidhani Wazungu wa baadaye ndo watakuwa wanaitwa hivyo.

Kile kipande cha mlingoti ndo kila mtu wa rika langu anakikumbuka. Steringi wamempiga, wamemsulubisha juu kwenye mlingoti wa meli iliyokufa, wamemwacha afe, usiku mzima mpaka asubuhi. Pale juu anamkumbuka adui alivyoiteketeza familia yake, na hasira inapanda, anaanza kuupiga mlingoti kwa kisigino. Mara moja. Mara mbili. Unasikia mti unalia. Anapiga tena na tena mpaka mlingoti unakatika anaanguka nao. Sisi watoto wa Ujiji milingoti na mbao za mitumbwi tumezaliwa nazo, tunajua mti wa namna ile haukatiki kwa kisigino, tulijua siku ile na tunajua leo, na banda zima lilisimama kwenye mabenchi likapiga kelele mpaka mwenye banda akazima sauti ili tukae. Hiyo ndo raha yenyewe ninayojaribu kuieleza. Unaijua kweli ilivyo na moyo wako unachagua upande wa pili, na hakuna aliyekudanganya.

Kingine, muvi inaitwa Cyborg lakini mwenyewe sayborgi, yaani nusu mtu nusu mashine, ni dada aliyebeba kichwani taarifa za kutengeneza dawa ya ugonjwa, steringi ni binadamu mtupu wa nyama na damu. Nimeipenda zaidi ukubwani kwa hilo.

Hayo mabanda nayo lazima niyataje kidogo. Ujiji tuliingia kwa shilingi hamsini, mlangoni kuna ubao umeandikwa kwa chaki "leo saa nane: MKONO WA CHUMA" wakati muvi ina jina lake lingine kabisa, ndani giza, joto, mabenchi, luninga moja na jenereta linanguruma nje. Wasio na hamsini walikuwa wanachungulia kwenye matundu ya mabati. Na kanda nyingi zilikuwa na sauti ya mtafsiri juu yake, kizazi chetu ni kizazi cha Lufufu, yule alikuwa hatafsiri tu, alikuwa anakusimulia, anakupa historia ya adui, anamuonya steringi asiingie mlango ule. Hizi muvi za miaka ijayo ndo zilimfaa msimuliaji kuliko zote maana maneno ndani ni machache na ukimya ni mwingi, jamaa anatembea jangwani dakika tatu, hapo ndo msimuliaji anapata nafasi ya kufanya kazi yake.

Sasa turudi kwenye duka maana hii ni tathmini ya duka.

Zilizotafsiriwa kwenye ile folda ni kama 15, dogo ameziwekea alama ya nyota mbele ya jina, jambo zuri sana maana sehemu zingine unafika nyumbani ndo unagundua. Ubaya wa baadhi ya zilizotafsiriwa ni kwamba mtafsiri wake amefunika sauti ya muvi yote, ngumi husikii, chuma kikigongana husikii, unasikia mtu anaongea tu dakika 90 bila kupumua. Kwa muvi za mapenzi pengine inavumilika ila kwa hizi sauti ya chuma ni nusu ya muvi. Nilimwambia, akanipa toleo la Kizungu la zile tatu nilizolalamikia, bila kunitoza.

Faili moja ilinikatikia dakika ya 52, steringi ndo kwanza anafungua mlango wa mtambo, picha ikaganda. Nilirudi kesho yake nimejiandaa kubishana, sikubishana, akaijaribu mbele yangu, akaona kweli, akafuta na kwenye kompyuta yake ili mwingine asiuziwe, akanipa mbili badala ya moja. Jamani hii kitu kwenye biashara ya mtaani ni nadra. Kuna sehemu nyingine sitaitaja niliwahi kulalamika nikaambiwa flashi yangu ndo mbovu.

Pia usafi wa flashi. Anaipitisha kwenye kiuavairasi kwanza kabla hajaweka kitu, unaweza kuona inachelewesha ila mvumilie.

Kuhusu ubora wa picha usitegemee makubwa. Nyingi zimetoka kwenye kanda za zamani, kuna mikwaruzo, kuna ambazo rangi imeelemea wekundu. Kwa hizi mi naona inazifaa, dunia iliyoungua haitakiwi kung'aa, lakini kama una luninga kubwa ya inchi 55 utaona vigae vigae, ziangalie kwa mbali kidogo.

Sasa kuna kundi moja kwenye folda ile nimemwambia aliondoe na hatujakubaliana mpaka leo. Ni zile za miaka ya karibuni, za hela ndogo pia, lakini roboti zote zimechorwa kwa kompyuta ya bei rahisi. Roboti kubwa kama jengo inatembea barabarani na haina uzito, haitikisi ardhi, haitupi kivuli chake sawasawa, watu wanakimbia wanatazama upande ambao roboti haipo. Yeye anasema fundi hela ndogo ni hela ndogo, ya zamani au ya sasa sawa tu. Mi nasema hapana. Zamani mtu alipokosa hela aliokota kitu cha kweli akakigeuza, bati likawa deraya, kiwanda kilichofungwa kikawa makao ya adui, na kamera ikapiga kitu kilichopo, chenye kutu ya kweli. Hizi nyingine hakuna aliyeokota kitu, wamechora haraka wakasubiri mteja asione. Hata The Terminator ya kwanza, ile ya Arnold Schwarzenegger ya 1984, watu wanasahau haikuwa ya hela nyingi, kama dola milioni 6.4, na vile vita vya 2029 vya James Cameron vimepigwa kwa mifano midogo ya kutengeneza, mashine ndogo zinapita juu ya mafuvu madogo, na ukiangalia leo bado unaogopa kwa sababu kile kitu kilikuwepo, kilishikwa na mtu.

Nimempa mfano wa jirani zetu wa Uganda akanyamaza kidogo. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na wenzake wametengeneza Who Killed Captain Alex? ikatoka 2010, kwa hela chini ya dola 200, bunduki zao zimetengenezwa kwa vyuma chakavu na mabomba, na kuna mchekeshaji anaongea juu ya muvi mwanzo mwisho kama tulivyozoea mabandani. Sio ya miaka ijayo ile, ni ya makomando, na milipuko yake ni ya kompyuta tena ya kompyuta duni kweli, kwa hiyo dogo akasema ona, fundi, na hii je? Nilikaa nikafikiria jibu mpaka soda ikaisha. Nadhani jibu langu ni kwamba wale hawakuficha. Mlipuko wao unakwambia kabisa mimi ni mlipuko wa nyumbani, furahi na mimi, na bunduki iliyo mkononi imechomelewa na mtu wa mtaa uleule. Bado tunabishana, na ubishi huu ni sehemu ya kinachonirudisha pale, sijapata duka lingine la kunijibu hivi.

Kitu kingine nilichokigundua nikiziangalia mfululizo ni ile miaka. 1997 imepita na Manhattan haikuwa gereza. Kuna ya Waitaliano ya 1983, kipindi kile Waitaliano walikuwa wanazitoa kama maandazi, jina lake lina 2019 ndani, New York imekwisha watoto hawazaliwi, na 2019 mimi nilikuwa hapa Kigoma nafunga geti la zahanati na mtoto wangu wa tatu akazaliwa mwezi wa nane. Nemesis ya huyohuyo Pyun, ya 1992, inasema 2027, askari nusu mtu nusu mashine, Olivier Gruner amevaa miwani anapiga risasi sakafuni mpaka anazama ghorofa ya chini. Kila mwaka ukifika nausoma ule mwaka wa kwenye muvi na napata hisia fulani tamu, kwamba tumeshapita pale walipotuogopesha, tumefika na familia zetu, ziwa lipo, migebuka inavuliwa. Pyun alifariki 2022, hakuiona 2027 yake.

Nani asiende pale? Kama unataka muvi mpya ya wiki hii usiende, hanazo. Kama una haraka usiende, anaongea, na kompyuta yake ikijaziwa flashi mbili kwa pamoja inatambaa. Jumapili anafungua mchana. Usiende na simu utegemee atakutumia kwa njia nyingine, yeye ni flashi au hadi diski tu. Benchi halina kivuli saa tisa alasiri, jua linakupiga usoni, kakae upande wa ndani.

Kwa anayeanza, mwambie akupe Mad Max, ile ya Carpenter, Cyborg, Nemesis na hiyo ya 2019 ya Waitaliano, elfu mbili na mia tano yako, angalia kwa mpangilio huohuo, usiku, sabufa iwe chini kidogo ili majirani walale. Usianze na zilizotafsiriwa. Ukishazizoea ndo umwombe zenye nyota, utaona msimuliaji mzuri anaongeza nini.

Jana nimemwachia flashi ya 32 anitafutie muendelezo wa Nemesis, nasikia zipo kadhaa. Kanambia nirudi Jumanne. Na mi nimemwahidi nitampelekea shelfu ya makava, nimeshaikata tayari, flati baa na karatasi za chuma za kwenye rundo, imebaki kuisugua na kupaka rangi.